Wacha Kikombe, Magi

Zamani stelingi, yule shujaa wa filamu ya Kihindi, alipigwa risasi mbele ya ukumbi mzima wa Thika, watu wamevaa viatu vya kanisani na kina mama wameshika leso, na siku hizi anafia ndani ya simu ya mtu anayejikuna kando ya barabara ya Ruiru akingoja mahindi yaive.

Simeon Gachau aliwaua wengi wa hao wa zamani kwa mikono yake mwenyewe. Ndiye aliyekuwa juu katika chumba cha mashine, kijana mwembamba aliyeachia masomo darasa la saba, akifunga mikanda ya filamu na kuifungua huku jasho likimtiririka mgongoni. Mwisho wa wiki watu walipigania tikiti mpaka dirisha likang'oka. Siku moja, kupitia kile kitundu cha ukutani, alimwona mtu akichomwa kisu kwa sababu ya kiti, wakati uleule adui kwenye pazia akimchoma kisu ndugu wa stelingi. Ukumbi ukapiga kelele, na mpaka leo Simeon hajui walikuwa wakishangilia kisu kipi.

Mwenye ukumbi alikuwa Mhindi mzee aliyeuza pia vitambaa. Asubuhi kabla ya kazi Simeon alimwuliza maneno: damu wanaitaje, ndugu wanaitaje, kisasi je? Hivyo ndivyo alivyojifunza Kihindi, na kilikuwa Kihindi cha watu wanaouana. Hangeweza kununua nyanya kwa lugha hiyo, lakini angeweza kumlaani mtu na kizazi chake chote.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na jambazi aliyemfunga mtu kwa kamba nyuma ya farasi na kumburuta kuzunguka kisima, mwenyewe ameketi ukingoni anakula pera. Ngozi ya mgongo ilibaki kwenye mawe. Simeon aliionyesha mpaka akawa anajua kila kwato. Kisha ikaja filamu ya Wazungu, ya wachunga ng'ombe, na alipoiwasha akaona kisima kilekile, kamba ileile, mtu yuleyule anaburutwa. Tofauti ni kwamba jambazi wa Kizungu alikula tufaha. Na filamu ya Wazungu ndiyo iliyotangulia kutengenezwa.

Alishuka ngazi akamkabili mzee. "Watu wako ni wezi," akamwambia.

Mzee hakukasirika. "Simeon, wameiba farasi, wameiba kamba. Sasa niambie, katika hiyo ya Wazungu, mama yuko wapi?"

Simeon akafikiri. Mama hakuwapo. Yule Mzungu aliburutwa akafa, wenzake wakapanda farasi wakaenda zao. Katika ile ya Kihindi mama alitoka nyumbani na maji, akaosha damu ya mwanawe jiwe kwa jiwe, akamwimbia, na ukumbi wote wa Thika ukalia, Wakikuyu na Wakamba na Wahindi, na wengi hawakujua neno hata moja la wimbo ule. Tangu siku hiyo Simeon akawa na sheria yake moja: anayeiba akaongeza mama, asamehewe.

Ukumbi ulikuja kufungwa, ukafanywa kanisa. Aliingia mara moja tu, akageuka kutazama nyuma juu, akaona kile kitundu cha mashine kimezibwa kwa simiti. Hakurudi.

Alihamia Gitothua, mtaa wa Ruiru, akapanga chumba cha mabati, akaweka mabenchi, televisheni, spika na maikrofoni. Kazi yake ikawa kutafsiri. Filamu ikiendelea, yeye huketi pembeni na kuwasemea watu wote waliomo, wanaume kwa wanawake, kwa Kiswahili chenye Kikuyu ndani yake. Wachonga mawe walikuja alasiri, vumbi jeupe limewajaa kwenye nyusi, kumsikiliza Simeon akiua. Alikuwa na namna yake: husubiri pumzi moja baada ya mhusika kusema, macho yakiwa kwenye mdomo wake wala si usoni, ndipo yeye naye aseme.

Lakini filamu zenyewe zilikuwa zimeoza. Waliokuwa wakiwaibia Wazungu sasa waliwaibia baba zao. Walichukua zile za zamani, wakazipiga upya kwa rangi kali, wakaongeza damu na magari yanayoruka, wakaondoa yote yaliyomfanya mtu atoe leso. Ile ya kisima nayo ikarudi. Simeon aliiweka siku ileile ilipofika. Farasi akawa pikipiki. Kisha stelingi akatokea jangwani amevaa koti zito jeusi, jua linawaka, naye anapuliza viganja na kuvisugua.

"Guka," akaita Odongo, mchonga mawe aliyekaa benchi la mbele kila mara na kumwita babu kwa Kikuyu kama wengine wote, "huyu jamaa anasikia baridi gani na jua lote hilo?"

"Hiyo baridi si yake," Simeon akasema kwenye maikrofoni. "Koti ameiba kwa filamu ya Wazungu. Baridi ilikuwa mfukoni."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. "Si angeacha baridi abebe koti peke yake!"

"Mwizi hana wakati wa kupekua, Odongo. Hubeba tu."

Na mama? Katika hii mpya mama hakubeba maji wala hakuimba. Alitoka mlangoni, akapigwa risasi uani kabla hajafungua kinywa, akaanguka. Stelingi akamtazama, kimya, kamera ikamzunguka, kisha pikipiki zikaanza tena kunguruma. Pale palipokuwa na wimbo waliacha shimo. Simeon naye akanyamaza, maana hapakuwa na la kutafsiri.

Mwaka huohuo mkewe akafariki. Ilikuwa asubuhi, jikoni. Magdalene alikuwa ameshika kikombe cha uji, cha mwisho katika vile walivyopewa siku ya harusi, akayumba, akaanguka kati ya jiko na mlango. Kichwa kilipiga ukingo wa jiko, damu ikaja nyingi, ikapita sakafuni hadi chini ya meza. Lakini mkono ulibaki juu, umekishika kikombe wima, uji haukumwagika. Simeon alipiga magoti kwenye damu. "Wacha kikombe, Magi," akamwambia. "Wacha tu. Nimekishika." Akakiachia. Binti yao Becky alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni. Hakuna mwingine aliyesikia.

Baada ya mazishi Simeon alifungua chumba cha video, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Odongo na wenzake waliitisha ile ya koti. Akaiweka. Mama akatoka mlangoni, akapigwa, akaanguka uani. Kimya kikaja, lile shimo. Na kinywa cha Simeon, bila kumwuliza mwenyewe, kikasema kwenye maikrofoni: "Wacha kikombe, Magi. Wacha tu. Nimekishika."

Hapakuwa na kikombe kwenye televisheni. Hakuna aliyeuliza. Wachonga mawe walivua kofia mmoja mmoja, na Odongo akajifuta uso kwa mikono yenye vumbi akawa kama mtu aliyepakwa chokaa. Simeon hakuisema tena maisha yake. Wakimwomba, alisema amesahau.

Nyuma ya spika, siku hiyo kama siku zote, alikuwa ameketi Kyengo na simu yake, anarekodi. Alisema anarekodi ili asikie spika inapokwaruza. Kyengo alikuwa mkwe. Kwao ni kwa wale Wakamba wakulima waliokaa mashariki ya Thika. Alikuja Gitothua kama fundi wa spika, akamwona Becky, akafuata taratibu zote, mbuzi na wazee na maombi. Mtu wa heshima. Mama mkwe, Kyengo hakuwahi kumtaja kwa jina, ilivyo desturi kwao na kwetu. Alimwita Mama Becky, na mbele yake aliongea akitazama miguu. Siku ya mazishi alisikia mchungaji akisema Magdalene. Jina la Magi hakuwahi kulisikia nyumbani, kwa sababu mzee na mkewe hawakuitana hivyo mbele za wakwe.

Kisha Kyengo akafungua duka la filamu mjini Ruiru, pa kujaziwa filamu kwenye simu na flashi, na chumba cha Simeon kikaanza kukauka. Mabenchi yakabaki na Odongo na wazee wawili watatu. Simeon akailaumu simu, kama kila mzee anavyofanya.

Alijua ukweli kando ya bucha moja ya Gitothua, mchana kweupe. Vijana wawili walikuwa wakimpiga wa tatu, sijui kwa kosa gani. Yule alikuwa chini, amejikunja, anazuia kichwa, meno yamemtoka na damu. Na kila teke lilikuwa na maneno yake.

"Wacha kikombe, Magi!" Teke la mbavu. "Wacha tu!" Teke la mgongo. "Nimekishika!"

Watu walikuwa wakicheka. Mwuza nyama alicheka mpaka akaweka panga chini. Simeon alisimama akidhani amepata wazimu. Alimshika mkono kijana aliyekuwa karibu.

"Wanasema nini hao?"

"Ai, guka, hujaskia? Hiyo ndo imeshika mtaa yote. Mtu akiangusha kitu, akilewa, akipigwa: wacha kikombe, Magi!" Akatoa simu. "Skia hii."

Filamu ilikuwa ileile, na uani palikuwa palepale. Sauti ya kutafsiri ilikuwa ya Kyengo, lakini pumzi ilikuwa ya Simeon, ileile aliyoirekodi nyuma ya spika. Aliposita, Kyengo alisita. Alipomeza mate, Kyengo alimeza. Kyengo huyo, Mkamba mtupu, alikuwa akisema "amerara" kwa amelala na "karamu" kwa kalamu, kama Mkikuyu aliyezaliwa Murang'a, kwa kuwa Simeon ndivyo anavyosema. Alikuwa amebeba koti na baridi yake. Na chini ya maneno yale, baada ya "nimekishika", alikuwa ameweka ngoma na kicheko cha watu wengi.

Simeon alirudi kwenye chumba chake akachukua komeo la mlango, chuma cha urefu wa mkono. Alikuwa akitaka jambo moja tu, maneno ya Magi yatoke midomoni mwa watu. Hakujua yanatolewaje, basi akaenda kwa aliyeyaweka.

Duka lilikuwa limejaa nyaya na mabango ya watu wenye bastola. Becky alikuwa ndani anamimina chai.

"Baba! Karibu," Kyengo akasema akiinuka. "Becky, mpe Baba kiti."

"Sikuja kukaa. Weka ile ya mama kupigwa risasi."

Kyengo akacheka kwa haya. "Kumbe umesikia! Nilitaka nikwambie mwenyewe. Imeenda, Baba. Mpaka wanafunzi wa mtaa wa Kahawa Sukari wanaitisha hiyo tu."

"Weka."

Akaiweka. Maneno yakapita, ngoma ikapigwa, watu wa kwenye spika wakacheka. Becky alikuwa akitazama ndani ya birika. Simeon akamwona, akajua kwamba hakuwa akiyasikia mara ya kwanza. Alikuwa ameyajua siku zote, akaogopa kusema kwa baba na kusema kwa mume.

"Futa," Simeon akasema.

"Nifute nini?"

"Hiyo. Kila mahali."

"Baba, iko kwa simu za watu. Nitaingia mifuko ya Ruiru yote?" Kyengo akafungua mikono. "Na kwani kosa liko wapi? Wewe ndiye ulitufundisha Wahindi wanaibiana. Ukasema mtu akiongeza kitu chake asamehewe. Mimi si nimeongeza muziki?"

Komeo lilimpata begani. La pili likavunja kioo cha meza, vigae vikaruka kwenye chai. Kyengo alirudi nyuma mpaka ukutani, mabango yakamwangukia, naye hakurudisha pigo, alikinga tu. "Baba! Baba, ni nini?" Simeon alimpiga kwenye mkono uliokinga, mfupa ukalia.

"Magi ni mama yangu!" Becky akapiga kelele. "Kyengo, Magi ni mama! Hayo ndiyo aliambiwa akifa!"

Kyengo akashusha mikono yote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akitembea uchi sokoni. Jina la mama mkwe, ambalo hakutakiwa kulitia kinywani hata kwa kunong'ona, alikuwa amelitia vinywani mwa walevi na makondakta. Simeon aliinua komeo tena, na Kyengo, bila kufikiri, akamsukuma kwa mkono mzima. Mzee akapita mlangoni kinyumenyume, akaanguka barabarani, mdomo ukapasuka kwenye ukingo wa mtaro.

Akiwa pale chini, na damu mdomoni, akalipata neno alilokuwa akilitafuta tangu kwenye bucha.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mwizi! Mwizi huyu!"

Na Kyengo akatoka mbio, mikono mbele, kumwinua na kumwomba msamaha.

Hivyo ndivyo watu walivyomwona: mzee yuko chini anavuja damu, kijana anakimbia. Katika barabara hii hakuna neno lenye haraka kama hilo. Mtu akiita "moto", watu huuliza wapi. Akiita "mwizi", hakuna anayeuliza kitu. Jiwe la kwanza lilitoka kwa mwuza viatu. Kisha wakaja wote, wa pikipiki, wa mboga, wanaume waliokuwa wakinyolewa wakiwa na povu shingoni. Walimwangusha, wakamfunika. Simeon alisikia mbao zikigonga mwili, sauti ya mtu anayekung'uta gunia. Alisikia mmoja akiitisha tairi la kumchomea.

Alitambaa akaingia kati ya miguu yao. "Wacheni! Ni mkwe wangu! Ni muthoni wangu!"

"Ndio wabaya zaidi hao, guka. Amekuibia nini?"

"Maneno!" Simeon akalia. "Ameniibia maneno!"

"Mzee amegongwa kichwa," yule akasema, akamsogeza kando kwa upole, akarudi kupiga.

Kyengo alikuwa akisema kitu. Kila alipofungua kinywa alisema, "Baba, sikujua, Baba, sikujua," mpaka jiwe la mjengo likamshukia kwenye taya, na sauti ikakatika. Becky akajitupa juu yake. Akapigwa naye, ubao ukampasua sikio, na hakuondoka. Tairi lilikuwa tayari limefika, linabingirishwa na mtu anayepiga mluzi.

Ndipo kijana mmoja wa pikipiki akainama, akamtazama aliye chini, kisha akatazama bango la duka.

"Ngojeni! Wasee, ngojeni! Huyu si mwizi, huyu ni DJ wa filamu! Ni yule wa Magi!"

"Gani?"

"Yule wa wacha kikombe!"

Mbao zikashuka. "Haiya, ndiye?" Mtu akacheka. Mwingine, mwenye ubao uliolowa, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Manze, mimi hupenda huyo jamaa sana." Tairi likaachwa likaegemea nguzo. Wakasaidia kumbeba, walewale, wakimwambia Becky pole, na mmoja wao, alipousahau mguu wa Kyengo ukagonga mlango wa gari, akasema kwa mazoea, "Wacha kikombe, Magi," na wenzake wakamnyamazisha.

Simeon alibaki ameketi kwenye mtaro. Becky aliingia garini kichwa cha mumewe kikiwa mapajani, sikio lake linavuja, wala hakugeuka.

Chumba cha video cha Gitothua kimefungwa. Maikrofoni aliipeleka kwa Odongo, akasema hana kazi nayo, na Odongo, ambaye naye hana kazi nayo, ameitundika ukutani. Maneno yale bado yako mitaani. Juzi mtoto aliyedondosha chapati aliambiwa hivyo na mamake, na mama alikuwa mtu mzuri, hakuwa na ubaya wowote.

Kyengo alipona, kama kupona ni huko. Taya liliunga upande. Waliuza duka wakahamia Murera, wakapanga nyumba kwenye ploti, wakaanza kufuga kuku. Simeon alituma watu wawili kuomba msamaha. Walipewa chai, wakarudishwa bila jibu.

Alikwenda mwenyewe, asubuhi moja, bila kusema anakwenda wapi. Hakufika nyumbani kwao. Aliwakuta kando ya njia, kwa mama mmoja mwuza mboga, Kyengo ameshika kikapu. Kyengo alisema kitu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya spika iliyopasuka karatasi, mlio bila maneno.

"Anasemaje?" mwuza mboga akauliza.

Becky alimtazama mumewe mdomoni, wala si usoni. Akasubiri pumzi moja. Kisha akasema, polepole, kwa sauti iliyoshuka mahali palepale ambapo ya Simeon ilikuwa ikishuka, "Anasema sukuma wiki zako ni nzuri, lakini jana ulimpa zilizonyauka, na wewe ulijua."

Mwuza mboga akacheka, akaongeza mkono mwingine wa sukuma. Kyengo akaguna tena, mara hii kwa urefu, akinyoosha kidole kwenye kikapu. Mama yule akangoja. Becky naye akangoja, pumzi ileile moja, kisha akacheka peke yake mpaka akashika sikio lenye kovu, na hilo hakumtafsiria mtu.

Wakakishika kikapu, kila mmoja upande wake, wakashuka na njia kuelekea kwenye kuku wao. Simeon alikuwa amesimama nyuma ya mkokoteni wa majani ya ng'ombe, kofia mkononi, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona.